Ijumaa ya Kukamua Betri

Jumatatu, tarehe 2, mwezi wa tatu

Daftari hili si langu, ni la kampuni. Mhandisi mpya kalileta asubuhi na kalamu mbili, akaliweka juu ya meza ya chaji.

"Mzee, kuanzia leo kila unachozifanyia betri unaandika humu. Kisichoandikwa hakikufanyika."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimefanya mambo miaka thelathini na moja bila kuandika, na yote yalifanyika."

Akacheka. Lakini daftari aliliacha.

Basi naandika. Shule nilikaa miaka mitatu, mwandiko wangu unatambaa kama jongoo aliyekanyagwa, atakayesoma avumilie. Mimi ndiye mtunza redio za upepo hapa kwenye machimbo ya mchanga. Redio ni nane, za mkononi, zile za kubonyeza kitufe ndipo useme. Betri zake nazichaji mimi, nazigawa mimi, zikiugua naziuguza mimi. Watu wananiita Mzee Chaji. Katika miaka thelathini na moja hakuna redio iliyomfia mtu mkononi akiwa kazini. Hata moja. Waulizeni.

Na kazi yenyewe si mchezo. Mto wetu ni mnafiki. Watu arobaini wanashuka shimoni na makoleo yao, malori yanashuka, jua linawaka, anga safi kama sahani iliyooshwa. Kumbe milimani imenyesha. Maji yanakuja yamesimama kama ukuta. Kutoka kilima cha juu hadi shimoni huchukua nusu saa, yakikasirika dakika ishirini. Kwa hiyo kule juu tumeweka mlinzi mwenye redio. Kila saa mpya ikiingia anabonyeza kitufe mara mbili, tik tik, maana yake salama. Akiona maji anasema kwa mdomo, mimi napiga king'ora, watu wanapanda. Betri ikifa hapo katikati, watu wanakufa. Sasa mtaona kwa nini mimi ni mtu mkubwa hapa, ingawa kiti changu ni ndoo iliyopinduliwa.

Mlinzi wa juu ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Tunamwita Kobe, na akikuletea chai utajua kwa nini. Na kule shimoni, kwenye mashine ya kuchimba tunayoiita kijiko, dereva ni kitinda mimba wangu. Binti. Wanaume walikataa kumfundisha, akajifundisha mwenyewe kwa kuwatazama. Mkaidi yule, sijui kamrithi nani.

Mkono unauma. Kalamu nzito kuliko koleo.

Jumanne, tarehe 3

Mhandisi kaja na boksi. Anasema betri zetu zina miaka sita, zimezeeka, na mvua kubwa zinakuja, lazima nichague aina mpya. Kaleta aina mbili, nne nne. Za bluu ni za nikeli ya kisasa. Nyeusi ni za lithiamu, nyepesi mpaka nilidhani ni maganda matupu. Zetu za zamani ni za kijani, nikeli na kadimi, nzito, ukimpiga nayo mwizi hanyanyuki.

"Chagua kwa kujaribu, Mzee. Ukinionyesha humu kwamba kijani ni bora, nitakutafutia kijani mpya hata kama wamebaki na duka moja tu duniani."

"Anza kuzitafuta," nikamwambia.

Jambo moja tulibishana. Kila Ijumaa mimi nazikamua betri. Ya kijani ina kumbukumbu. Ukizoea kuichaji ikiwa imefika nusu, nayo inazoea nusu, siku ya siku inakupa nusu. Ni kama ng'ombe, usipokamua mpaka tone la mwisho maziwa yanakata. Kwa hiyo nina taa yangu ya gari, nimeifunga nyaya mbili, nagusisha kwenye betri, taa inawaka, inawaka, inafifia, inazimika. Ndipo nachaji. Utaratibu huu nimeubuni mimi. (Kuna fundi aliyenionyesha, lakini taa ni wazo langu.)

Mhandisi akasema, "Nyeusi hazina kumbukumbu, hazihitaji kukamuliwa."

"Hakuna kitu kisicho na kumbukumbu," nikamjibu. "Hata jiwe."

Ijumaa, tarehe 6

Nimekamua.

Jumatatu, tarehe 9

Nimezijaribu zote hapa chumbani. Redio inasikiliza, na kila robo saa naisemesha mpaka nihesabu kumi. Bluu imedumu saa kumi. Nyeusi imefika saa kumi na nne, kisha ikakata kama mtu aliyenyongwa. Kijani saa saba.

Saa saba ni nyingi. Siku ya kazi ina saa tisa, lakini mtu mwenye akili anabadilisha betri mchana.

Tena kijani ina adabu. Ikichoka inaaga. Sauti inapungua kidogo kidogo, unajua mgeni anatafuta viatu vyake. Nyeusi hiyo haiagi. Nani anaoa mtu asiyeaga?

Binti yangu kapita kuchukua redio yake, akabeba ile yenye nyeusi kiunoni, akatikisa nyonga. "Baba, hii nyepesi! Ile yako inanivua suruali."

"Kaza mkanda," nikasema.

Jumanne, tarehe 10

Mawingu. Hakuna kitu.

Alhamisi, tarehe 12

Pikipiki imepanda kwa Kobe. Hupanda mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kwa sababu kule juu hakuna umeme, na betri zilizojaa lazima zipelekwe. Nimempelekea bluu mbili na nyeusi mbili. Nimemwambia kwenye redio azitumie mbili na mbili aziweke akiba wiki nzima kwenye kibanda chake cha bati, tuone zinavyovuja zikiwa zimekaa tu.

"Shemeji," akasema, "na mimi nikikaa tu wiki nzima navuja?"

"Wewe ulishaisha siku nyingi, tunakuchaji kwa huruma."

Mhandisi kaondoka kwenda machimbo mengine ya kampuni, atakaa wiki tatu.

Ijumaa, tarehe 13

Nimekamua. Zote. Na zile nyeusi mbili zilizobaki hapa.

Jumamosi, tarehe 14

Nyeusi zinashangaza. Jana taa ilizimika ghafla ikiwa bado inawaka vizuri, nikasema bado kuna maziwa humu. Nikaacha nyaya zimeshikana nazo nikaenda nyumbani. Leo nimeziweka kwenye chaja yao, taa nyekundu inapepesa tu kama jicho lenye mchanga. Haichaji. Nimeitoa, nimeirudisha, nimeipuliza, nimeifuta na shati. Haichaji. Zote mbili.

Basi nimeandika: nyeusi, kati ya nne, mbili zimekufa ndani ya siku kumi na moja.

Kijani zangu miaka sita.

Ijumaa, tarehe 20

Nimekamua. Kijani tu, maana nyeusi hakuna cha kukamua.

Jumapili, tarehe 22

Kobe kashuka mapumziko. Kaleta akiba yake kwenye mfuko wa unga. Nimezipima. Bluu, iliyopanda ikiwa imejaa, imetoa saa saba badala ya kumi. Imevuja ikiwa imekaa tu. Kwa mtu wa hapa chini mwenye umeme pembeni si kitu. Kwa mtu wa kilimani ni msiba. Bluu nimeikata. Hapo hata Mhandisi hawezi kunipinga.

Kobe anakunywa chai yangu huku anatazama ndoo yangu kama anaitaka. "Na hiyo nyeusi, shemeji?"

"Imekaaje kule juu?"

"Kama mke mwema. Nimeikuta nilivyoiacha."

Jumatatu, tarehe 23

Jana sikuandika jambo moja. Naliandika leo kwa sababu daftari linaniangalia. Ile nyeusi ya akiba ya Kobe ilitoa saa kumi na tatu na nusu. Haikuvuja.

Lakini mbili zilikufa. Mbili ni nusu. Mtu hapandi ngazi ambayo nusu ya vidato vyake vimeoza.

Kobe alipoondoka nilimwambia aache nyeusi zote hapa. Akasimama mlangoni. "Niachie hata moja, shemeji. Kule juu usiku na mchana ni mimi na ngedere."

"Itakukatikia ghafla. Beba kijani. Kijani inaaga."

Akabeba kijani nne. Shemeji ni mvivu lakini si mbishi. Ubishi ni kipaji, na familia yao hawakupewa.

Jumatano, tarehe 25

Mvua. Chumba kinavuja juu ya chaja ya tatu. Nimehamisha chaja, nimeweka sufuria.

Ijumaa, tarehe 27

Nimekamua. Ile ya kijani yenye mkwaruzo, namba nne, imekamulika upesi. Zamani taa ilikaa mpaka nimalize chai mbili. Leo hata moja sikumaliza. Baridi tu hiyo.

Mhandisi kapiga simu. "Mzee, nisomee hukumu."

Nikamsomea mstari wa mwisho. Bluu zinavuja. Nyeusi zinakufa, mbili kati ya nne. Kijani.

Akauliza, "Zimekufaje?"

"Zimekufa tu, mwanangu. Kama vitu vya siku hizi."

"Haya. Nikirudi nitaliona daftari."

Nimeweka simu chini nimejisikia mshindi. Kisha nimejisikia kama mtu aliyeshinda mbio alizokimbia peke yake.

Jumatatu, tarehe 30

Pikipiki imepanda na kijani nne nilizokamua Ijumaa, ikarudi na tope mpaka kwenye taa.

Alhamisi, tarehe 2, mwezi wa nne

Pikipiki imeshindwa. Njia imekuwa uji. Kobe anasema anazo betri, nisijali. Sauti yake ilikuwa mbali. Kilima kiko mbali.

Ijumaa, tarehe 3

Nimekamua.

Jumatatu, tarehe 6

Pikipiki imeshindwa tena. Nimemwambia Kobe asiongee hovyo, abonyeze tik tik tu, aibane betri.

"Hata utani?"

"Hata utani."

"Basi nimekufa kweli," akasema, akanyamaza.

Jumanne, tarehe 7

Leo naandika polepole, naandika yote.

Asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mvua ilikata usiku, jua likatoka, anga ile ya sahani. Bosi alikuwa juu ya genge, ukingoni mwa shimo, anahesabu malori, maana siku nne hatukuchimba. Watu wote walikuwa shimoni. Kijiko cha binti yangu kilikuwa mwisho kabisa, upande wa pili, kwenye mchanga mkavu.

Saa tatu kamili: tik tik. Nimejibu tik tik.

Saa nne kamili: tik. Moja.

Nikasubiri ya pili. Haikuja.

Tik moja haina maana katika utaratibu wetu. Mbili ni salama, maneno ni maji. Moja haijawahi kutokea, kwa sababu redio zangu hazifi. Nikabonyeza. "Kobe, rudia." Kimya. "Kobe, rudia, nimepata moja." Kimya.

Juu ya mlango wangu kuna saa ya ukutani. Niliitazama. Saa nne na dakika moja.

Sasa nitasema nilichofikiri, kwa sababu ndicho kinachoniuma. Sikufikiri maji. Nilifikiri: amelala. Kabonyeza mara moja kichwa kikamwangukia kifuani. Nikaanza kumtukana hewani. "Kobe wewe, amka! Unalala na roho za watu arobaini! Dada yako angekuona leo!" Dakika ya pili. Dakika ya tatu. Nikamwita jina la utotoni ambalo hapendi. Dakika ya nne.

Na sauti nyingine ilikuwa inaniambia, ndogo, kama ya mke wangu alipokuwa anajua jibu na ananisubiri nilifikie: kama hajalala, basi ni betri. Kama ni betri, ni kijani. Kama ni kijani, ni wewe. Na nikipiga king'ora mbele ya Bosi na malori yote chini ya anga safi, nitakuwa nimeutangazia mto mzima kwamba redio ya Mzee Chaji imekufa kazini.

Nilikaa na sauti hiyo dakika mbili nyingine. Niandike vizuri: mbili nyingine.

Kisha nikatazama dirishani. Kijiko cha manjano kule mwisho kilikuwa kinainua mkono wake, kinamwaga mchanga, kinainua. Nikamwona binti yangu ndani, mdogo kama punje. Nikaenda kwenye king'ora nikakivuta kwa mikono yote miwili. Saa ilikuwa nne na dakika sita.

Watu walipanda wananung'unika. "Mzee, maji gani na jua hili?" Bosi ananipigia kelele kutoka gengeni, "Umesikia nini? Nani kasema?"

"Sijasikia kitu," nikamjibu. "Ndiyo maana napiga."

Malori yalitoka. Makoleo yakatoka, mengine yameachwa. Kijiko kina minyororo badala ya magurudumu, kinatembea kama mzee anayetoka msalani. Kutoka mwisho wa shimo hadi juu ya genge ni dakika kumi na nane, nilishawahi kukipima. Nilisimama juu ya njia na redio mkononi, nikakiona kinakuja, kinakuja.

Kwanza ulikuja upepo wa baridi. Kisha harufu ya udongo. Kisha sauti.

"Binti, acha mashine, toka!"

"Baba, bado kidogo! Nimeshafika chini ya njia!"

"Acha mashine nimesema!"

"Mita thelathini tu, Baba!"

"Mwanangu, mashine si mama yako! Toka!"

Mlango ukafunguka. Akaruka, akazama tope mpaka magotini, akajinasua, akapanda kwa mikono na miguu. Wapiga koleo wawili walimshika mikono wakamvuta. Alipofika juu alikuwa na kiatu kimoja. Akageuka kutazama, na mimi nikageuka naye, na maji yalikuwa tayari yamekifika kijiko kiunoni. Kilisimama kidogo kama kinachofikiri. Kisha kikalala ubavu.

Saa nne na dakika ishirini. Nilimpa dakika kumi na nne. Angehitaji kumi na nane. Sita zangu zingemfikisha, na mbili za kufutia jasho.

Watu wamehesabiwa mara tatu. Arobaini, na binti yangu wa arobaini na moja. Wote.

Jumatano, tarehe 8

Jana jioni Kobe alifika kwa miguu. Kobe, amekimbia! Nguo zimechanika, magoti damu, kaanguka mara zisizo na idadi. Kaingia chumbani, kamwona binti yangu amekaa kwenye ndoo, akakaa sakafuni akalia kama mtoto. Binti akampa maji.

Nikamuuliza, "Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho, shemeji. Niliyaona maji yanapinda kona. Nikabonyeza niseme, redio ikazimika. Nikaachia, ikawaka. Nikabonyeza, ikazimika. Nikaweka ya akiba, hivyo hivyo." Akafuta pua. "Kusikia nilikuwa nasikia. Nilikusikia, shemeji. Kila neno."

Nikashika kuifuta chaja iliyokuwa safi.

"Hata lile jina la utotoni," akasema.

Nikasema, "Nisamehe." Neno hilo sikumbuki mara ya mwisho kulisema. Likatoka na kutu.

Usiku sikukamua wala sikuchaji. Nimeziangalia zile kijani alizorudi nazo. Moja ni namba nne, yenye mkwaruzo. Niliisema ni baridi. Kusikiliza ni kazi nyepesi hata betri mgonjwa anaiweza. Kusema ndiko kunakonyonya. Hilo nilikuwa nalijua kabla Mhandisi hajazaliwa. Na kijani niliyoisifu kuwa inaaga, siku ya siku haikuaga.

Alhamisi, tarehe 9

Mhandisi karudi na gari la kwanza lililopita. Amekaa kwenye ndoo yangu, amesoma daftari lote tangu mwanzo. Mimi nimesimama. Alipofika tarehe kumi na tatu akaweka kidole.

"Mzee, hapa. 'Zote.' Na nyeusi ulizikamua?"

"Nilizikamua."

"Kwa ile taa?"

"Kwa ile taa. Na nyaya nikaziacha."

Akafunga daftari, kidole kikiwa ndani. "Nyeusi ikishuka sana inajifunga yenyewe ndani, isije ikaharibika. Ndiyo maana taa ilizimika ghafla. Ukiendelea kuinyonya hapo, unaiua. Hii unaichaji ikiwa nusu, ikiwa robo, wakati wowote. Haikumbuki."

"Ulishaniambia."

"Nilikwambia."

"Basi hazikufa," nikasema. "Niliziua. Andika hivyo."

"Andika wewe. Daftari ni lako."

Nimeandika: nyeusi mbili niliziua mimi. Mbili zilizobaki nzima. Hukumu ya tarehe ishirini na saba ni ya uongo.

Mchana Bosi kawakusanya watu wote juu ya genge. Kaanza kunisifu. Mzee Chaji bila kusikia neno kavuta king'ora, ana sikio la mganga, sijui nini. Watu wanapiga makofi. Binti yangu naye anapiga makofi, ana kiatu kimoja kipya na kimoja cha kuazima.

Mimi kusifiwa sikatai. Mtu yeyote anayenijua anajua. Lakini nilikuwa na daftari kwapani, na lilikuwa limechomeka kama mwiba.

Nikasema, "Subirini." Nikafungua ule ukurasa wa Jumanne nikasoma. Nasoma polepole, kidole chini ya neno. Hakuna aliyenihimiza. Nilipofika "mbili nyingine", nikarudia mara ya pili, wa nyuma nao wasikie. Nilipomaliza hapakuwa na makofi.

Bosi uso umebadilika. Kijiko bado kimelala mtoni, mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. "Kwa hiyo mashine yangu..."

"Dakika sita," nikasema. "Na nyeusi nilimnyang'anya Kobe. Nifukuze, ni haki yako. Lakini nifukuze mvua zikiisha. Hukumu niliyotoa ni ya uongo, na siondoki nimeacha uongo ukining'inia kwenye kilima. Nitazijaribu upya. Kwa haki."

Mhandisi akasema, "Nitakaa naye." Kobe, kutoka nyuma kabisa, akasema, "Na mimi nitapanda. Lakini kwa nyeusi."

Bosi akatutazama wote watatu. "Mpaka mvua ziishe," akasema, akaondoka.

Binti alinifuata chumbani. Nilitegemea maneno. Kachukua redio yake, kaigeuza, katazama betri.

"Baba, yote umeyaandika?"

"Yote."

"Na kwamba na mimi uliniambia toka nikabisha?"

"Nimeandika."

"Vizuri," akasema. "Tusibebeshane lawama."

Ijumaa, tarehe 10

Leo ni siku ya kukamua. Mkono umeenda kwenye taa wenyewe. Nimeurudisha.

Kijani zote nimeziweka kwenye boksi. Mhandisi anasema kadimi ni sumu, hazitupwi mtoni wala shimoni, zinarudishwa kwa wanaojua kuziyeyusha. Nimezifunga na kitambaa. Miaka sita zilifanya kazi, kosa halikuwa lao. Mzee akizeeka apumzishwe, asilazimishwe kusema.

Jumatatu, tarehe 13

Nyeusi nane mpya zimefika. Pikipiki imepanda kwa Kobe na tatu. Utaratibu mpya nimeubandika ukutani kwa mwandiko wangu, kila mtu ameusoma mbele yangu: Tik mbili ni salama. Tik moja, au kimya cha dakika moja, ni maji. King'ora kwanza, matusi baadaye.

Jumanne, tarehe 14

Nyeusi ya zamani ya Kobe imezimwa ikiwa nusu, nimeichaji, imejaa. Imetoa saa kumi na nne. Narudia usiku. Ngoja kesho, labda inajifanya.

Jumatano, tarehe 15

Kumi na nne.

Alhamisi, tarehe 16

Saa nane mchana Kobe kasema maji, sauti safi kama yuko nyuma ya mlango. King'ora. Watu wote juu kwa dakika tisa, na kijiko cha kuazima kikiwa mbele, maana siku hizi binti anachimba karibu na njia. Maji yakapita chini yetu hayakukuta hata koleo.

Kobe hewani: "Shemeji, nimeruhusiwa utani?"

"Betri ipo?"

"Tele."

"Basi sema."

Akaongea robo saa nzima. Mengi yalikuwa ya kunihusu. Sikumkatiza.

Ijumaa, tarehe 17

Hukumu, na hii nimemsomea Mhandisi yote, si mstari wa mwisho. Kilimani na shimoni: nyeusi, kwa sababu akiba inakaa wiki bila kuvuja, na mtu hawezi kuzuia tope. Haikamuliwi. Haiachwi ikaisha. Inapofika nusu inarudi mezani. Haiagi, kwa hiyo anayeaga ni sisi: kila betri ina karatasi yenye saa iliyotoka na saa ya kurudi. Bluu mbili zibaki hapa chumbani pangu, karibu na umeme. Nimetia sahihi. Sahihi yangu nzuri kuliko ya Bosi.

Bosi kaisoma, kakuna kidevu. Hajasema lolote juu ya mvua kuisha. Nami sijamkumbusha.

Ile taa ya gari nimeitundika juu ya meza, nimeifunga kwenye umeme wa chumba kupitia chaja ya zamani. Inanimulikia nikiandika.

Ijumaa. Sikukamua. Na kwenye mto huu wote hakuna mtu aliyewahi kuacha kukamua vizuri kama mimi.